Mhunzi Rapeg na Maji ya Mashine

Mashine iliposimama mara ya tatu asubuhi ile, Rapeg hakuiangalia taa nyekundu iliyowaka. Aliangalia miguu yake. Mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, mhunzi ambaye katika wilaya nzima ya Klungkung hakuna jiko lisilo na kisu chake, anaangalia miguu yake kama mwanafunzi aliyevunja dirisha la shule.

"Maji yamekata tena," akasema binti yake, Sasih. Alibonyeza kitufe, kichwa cha mashine kikapanda juu, akafungua mlango na kuchungulia ndani. "Dakika saba. Yanatoka vizuri dakika saba, halafu yanakuwa mate, halafu basi. Bapa, umegusa chochote humu?"

"Mimi? Niguse nini?"

"Nauliza tu."

"Mimi hata hiyo skrini yako siielewi."

Huo ulikuwa uongo, na si wa skrini.

Ndani ya mashine hiyo ya kuchongea vyuma, likiwa limebanwa barabara, kulikuwa na bonge la shaba ukubwa wa chungu cha wali. Ndilo lililokuwa likichongwa liwe pangaboi jipya la pampu ya kisima cha subak, yaani umoja wa wenye mashamba yanayonywea mfereji mmoja. Pangaboi la zamani lilipasuka Alhamisi. Ijumaa Sasih alihangaika kutafuta shaba, Jumamosi hakuna aliyegusa chuma kwa kuwa ilikuwa Tumpek Landep, siku ya vyuma kupumzika na kupewa sadaka, Jumapili akachukua vipimo, na sasa ni Jumatatu. Yalitakiwa mabawa sita. Mawili yalikuwa yametoka safi, la tatu lilikuwa nusu.

Na kule chini mashambani, mpunga ulikuwa na mimba. Hata mtoto wa mkulima anajua maana yake. Mpunga mchanga huvumilia kiu, mpunga uliokomaa huvumilia kiu, lakini mpunga wenye mimba ukikosa maji huzaa mapepe, maganda matupu yanayosimama wima shambani kwa kiburi kwa sababu hayana uzito wa kuyainamisha. Wirka, mkuu wa subak, alikuwa amepita alfajiri akiwa na tope kavu miguuni. Tope lenyewe lilikuwa limepasuka.

"Kesho jioni," alisema. "Maji yakiwa hayajafika kesho jioni, tufungulieni ng'ombe waingie wale. Angalau mtu mmoja ashibe."

Bonge jingine la shaba lingetoka Surabaya, siku nne. Kisu kile kirefu chembamba cha kuchongea katikati ya mabawa walikuwa nacho kimoja tu. Hakikuwa kisu cha kawaida. Maji ya kupoozea yalipita ndani yake, kwenye tundu jembamba kama sindano ya cherehani, yakatokea nchani na kuzisukuma nje nyuzi za shaba zilizokatwa. Bila maji hayo, nyuzi hujazana chini ya mfereji unaochongwa, kisu kinakosa pa kupumulia, kinapata moto na kuvunjika.

Sasih alianza kutafuta ugonjwa kama alivyofundishwa Batam, ambako alifanya kazi miaka sita kwenye karakana ya wageni: hatua moja, halafu inayofuata, bila kuruka. Alipima kina cha maji kwenye tangi. Yalitosha. Akapima ukali wa dawa iliyochanganywa. Ilikuwa sawa. Akachomoa bomba kwenye pampu, akaiwasha, na maji yakaruka ndani ya ndoo kwa dakika kumi nzima bila kusita.

"Pampu nzima," akasema.

Akachomoa kisu na kukielekeza kwenye mwanga wa mlango. Tundu lilikuwa wazi, alimwona Suweca ng'ambo, ndugu yake Rapeg mwenye jicho moja, akinoa mundu uani.

"Kisu kizima. Basi ni katikati. Ni vali ya umeme ile ya shingoni, au ni waya zake."

"Ifungue basi hiyo vali," akasema Rapeg. Alisema haraka mno, akajisikia mwenyewe.

Sasih akatikisa kichwa. "Vali iko ndani ya shingo, Bapa. Kuifikia nivunje nusu ya mashine, na nikishafungua shingo vipimo vyote vimepotea. Kuvirudisha ni nusu siku. Ningekuwa na hakika ni vali, ningeifungua sasa hivi, tungemaliza hata kesho asubuhi. Lakini itazibwa na nini? Kuna chujio hapa kabla ya pampu, hata ufuta haupiti. Uchafu hauwezi kufika kule juu. Labda mtu amimine kitu nyuma ya chujio, na nani mwenye akili zake atamimina kitu nyuma ya chujio?" Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Si uchafu. Ni umeme. Ni waya nilizounga mimi mwenyewe."

Rapeg akaanza kupanga nyundo zilizokuwa zimeshapangwa.

Tuseme ukweli juu ya mtu huyu kabla hatujamhukumu. Alizaliwa katika ukoo wa Pande, na watu wa Pande wamekuwa wahunzi tangu chuma kilipofahamiana na moto. Akiwa na miaka tisa alivuta mivukuto, akiwa na ishirini watu walivuka mito miwili kuja kumwomba mundu. Nyundo ilimla masikio yote mawili, ndiyo maana watu hupaza sauti wakiongea naye, naye huwajibu taratibu, kana kwamba viziwi ni wao. Mkaidi, ndiyo. Mwenye maringo kidogo, ndiyo. Lakini mvivu hakuwa, na mwongo hakuwa, mpaka Jumatatu hiyo.

Alichokijua kuliko watu wote ni maji. "Moto unalainisha tu," husema. "Maji ndiyo yanayofanya kisu kiwe kisu." Kwa hiyo kila Tumpek Landep, tangu ujana wake, alimimina maji ya baraka ndani ya karai la kuzimia chuma, na juu yake akatupia punje za mchele uliotiwa manjano, kiasi cha vidole vitatu. Mwaka mmoja alishikwa na homa akaacha. Wiki iliyofuata Suweca alizamisha panga jekundu kwenye karai lile, panga likapasuka, kipande kikaruka na kumtoboa jicho la kushoto. Ukimwambia Rapeg ilikuwa bahati mbaya tu, hatabishana nawe. Atakuonyesha Suweca.

Sasih aliporudi kutoka Batam na mashine hii iliyokwishatumika, ikavushwa kwa meli, kisha ikaletwa na lori usiku kucha na kufungwa kwa kamba kama mhalifu, alimkalisha baba yake chini.

"Bapa, sadaka weka mlangoni. Maua weka juu ya kabati. Ukitaka kunyunyiza, nyunyiza ukutani. Ila kwenye maji ya mashine usitie kitu. Hata tone."

"Sawa."

"Hata tone, Bapa."

"Nimesema sawa, Luh," akajibu, akimwita kama mabinti waitwavyo kwao. "Mimi ni mtoto?"

Jumamosi, Sasih alikuwa katika siku zake. Alikaa ndani ya nyumba, mbali na sadaka, kama desturi inavyotaka. Rapeg akabaki peke yake na mashine. Alipanga vikapu vya maua, akachoma ubani, akasali, akamaliza, akawa amekwisha kuondoka kabisa, akafika mlangoni. Hapo akamwona Suweca uani akitembea na ule upande wake wa giza, akigeuza shingo kama kuku ili aone ndoo iko wapi. Rapeg akarudi. Tangi kubwa lilikuwa na harufu ya mafuta, akaona haya kutia kitu kitakatifu mle. Lakini pembeni ya pampu, nyuma ya chujio, kulikuwa na kifuniko kidogo cha kutilia maji ya kuanzishia pampu, kisafi, chenye kung'aa. Akaona huo ndio mdomo. Akamimina. Vidole vitatu vya mchele. Hakufanya kwa ubishi, alifanya kwa woga, akamwombea binti yake macho yake mawili.

Sasa binti huyo alikuwa amelala chali chini ya mashine, mita ya umeme kifuani, akigusa waya mmoja baada ya mwingine.

"Umeme unafika," alisema kutoka huko chini. "Volti zote ziko sawa. Rilei, ile swichi ya vali, nasikia inagonga. Hata sielewi, Bapa. Ikipumzika inapona, ikifanya kazi inaugua. Hiyo ni tabia ya kitu kinachopata joto. Nitabadilisha rilei."

Alibadilisha rilei. Maji yakatoka. Rapeg akafumba macho, akawaita wazee wake wote kwa majina, akawaahidi bata. Dakika ya nane maji yakawa mate, kisha yakakatika, na taa nyekundu ikawaka.

Aliunga upya waya za vali. Dakika sita. Akabadilisha fyuzi ambayo haikuwa na kosa lolote. Dakika saba. Saa sita mchana ilipita. Saa saba ikapita. Mkewe Rapeg alileta wali na samaki wa kubanika, ukapoa juu ya benchi, nzi wakala wao.

"Niliziunga vibaya," akasema Sasih. Alikuwa amekaa sakafuni. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa mkono wenye grisi na kujichora uso mzima. "Mashine ilikuwa nzima ilipokuja. Ni mimi. Nimejifanya fundi, nimewaaminisha watu, wakaacha kwenda mjini kutafuta msaada. Watoto wa watu watakula nini, Bapa?"

Sema, Rapeg akajiambia. Sema sasa. Neno lenyewe si refu. Nilimimina mchele. Akafungua kinywa.

Kivuli kikaingia mlangoni. Alikuwa Wirka, na nyuma yake wanaume watano wa subak, pamoja na Dadong Cenik, bibi mwenye shamba la mwisho kabisa mferejini, ambalo hata maji yakiwa mengi humfikia akiwa ameshakata tamaa. Rapeg akafunga kinywa.

"Vipi?" akauliza Wirka.

"Bado," akasema Sasih, akisimama.

"Bado ya saa ngapi? Asubuhi bado, mchana bado. Huyo mnyama wako anataka nini, tumchinjie?"

"Nadhani ni waya."

"Unadhani." Wirka akamgeukia Rapeg na kupaza sauti, kwa kuwa aliongea na kiziwi, hivyo kila mtu mpaka barabarani akasikia. "Baba Sasih, usinichukie, lazima niulize. Jumamosi binti yako alikuwa safi?"

Mmoja wa wale wanaume akaangalia dari.

"Mama yangu alisema alikaa ndani Jumamosi," akasema mwingine. "Lakini Jumapili tulimwona humu humu, akipima. Huenda alikuwa hajamaliza. Chuma kimetoka kubarikiwa jana yake! Sasa kitakubali?"

"Kwetu hapa, mtu wa Pande ni wewe, unayejua mambo hayo," Wirka akaendelea, akilegeza sauti kidogo. "Wewe ndiwe unayetubarikia vyuma. Tuambie. Ni hilo?"

Hapo wote wakamtazama Rapeg, na Sasih akamtazama pia, akingoja baba yake acheke, au afoke, au awaambie watoke nje na upuuzi wao. Ilikuwa rahisi sana. Lakini kulikanusha hilo kungemfanya aulizwe: basi ni nini? Na jibu la swali hilo alikuwa nalo peke yake, na mbele ya watu hawa ambao kila Tumpek Landep walimletea majembe yao na kuinamisha vichwa, hakuthubutu kulitoa.

"Mambo ya wanawake mimi siyajui," akasema Rapeg.

Uso wa Sasih ulipauka, kisha ukaiva wote kwa pamoja. Akageuka, akachukua bomba la plastiki la kumwagilia bustani, akalikata kwa kisu, kisu cha baba yake, na kuanza kulifunga kwenye pampu kwa waya.

"Unafanya nini?" akauliza Rapeg.

"Nakata."

"Bila maji ya ndani?"

"Nitayamwaga kutoka nje. Taratibu. Hakuna njia nyingine, si ndiyo? Mashine imenikataa kwa sababu ya uchafu wangu, basi nitailazimisha."

"Luh, maji ya nje hayafiki chini. Wewe mwenyewe ulisema—"

"Unayo njia nyingine, Bapa?" Alimgeukia kabisa. Macho yalikuwa mekundu, na yalikuwa mawili, mazima. "Kama unayo nipe. Nakuomba."

Wanaume wa subak walikuwa pale. Wirka alikuwa pale. Rapeg akatikisa kichwa.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Sote tunaujua msemo huo, na sote tumewahi kuficha kitu tukiusema.

Bawa la tatu likaisha salama. Watu wakasogea karibu na kioo. Maji kutoka bomba la bustani yaliruka kila upande kama mvua ya wazimu, na Sasih alikaa na kidole juu ya kitufe cha kusimamisha, hapepesi. Wirka alianza kutabasamu. Bawa la nne likaanza. Kisu kikashuka ndani ya mfereji mara moja, mara mbili, kila mara chini zaidi, na sauti ikaanza kubadilika. Kila mtu aliisikia isipokuwa Rapeg, lakini yeye aliiona. Miaka hamsini ya kuangalia chuma ilimfundisha kuona rangi. Aliona zile nyuzi za shaba hazitoki tena, aliona ncha ya kisu ikigeuka buluu, na hapo ndipo neno lilipomtoka, kubwa, mbele ya watu wote.

"Simamisha! Ni mchele! Nilimimina mchele!"

Sasih alibonyeza. Kitu kilipasuka ndani, mlio mfupi tu. Kisu kilikuwa kimekatika, na kile kishikio chake kizito, kabla mashine haijatulia, kilisogea upana wa kiganja ndani ya shaba, kikang'oa bawa la tatu na kupasua kitovu cha pangaboi mpaka katikati.

Maji ya bustani yaliendelea kumwagika juu ya bonge lililoharibika mpaka Suweca, aliyekuja mbio kutoka uani, akaenda kuzima pampu.

"Nilimimina Jumamosi," akasema Rapeg. Sasa maneno yalitoka yenyewe, hayakuhitaji kusukumwa. "Pale kwenye kile kifuniko kidogo. Maji ya baraka na mchele. Niliogopa, Luh. Nilifikiria jicho la baba yako mdogo."

"Nyuma ya chujio," akasema Sasih.

"Sijui chujio. Niliona pasafi."

Sasih alichukua bisibisi na spana, akafungua shingo ya mashine. Hapakuwa tena na vipimo vya kulinda. Alifanya kazi ile kwa saa nzima na hakuna aliyeondoka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Vali ilipotoka aliifungua juu ya benchi, pembeni ya wali uliopoa, na akaigonga mara moja.

Punje saba. Zilikuwa zimevimba, laini, nyingine nusu, lakini umanjano wake ulikuwa bado. Maji yaliposukuma, zilipanda na kuziba. Yaliposimama, zilianguka na kuachia. Hakukuwa na waya wowote mbovu. Kila waya aliounga Sasih ulikuwa mzima.

Akazikusanya kwa ukucha, akaushika mkono wa baba yake, akaufungua, na kuziweka katikati ya kiganja.

"Haya ndiyo mavuno yetu ya msimu huu, Bapa," akasema. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. "Nilikuuliza asubuhi. Nilikuuliza saa mbili asubuhi."

Kisha akatoka kupitia mlango wa nyuma.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na hakuna aliyempa pole. Wirka alikuwa ameinama na mikono magotini, kama mtu aliyepigwa tumboni. Wale wanaume watano walianza kutoka mmojammoja, na nje kulikuwa na watu wengine wa subak, wanawake na wazee, waliokuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta tangu mchana wakisubiri kuambiwa. Rapeg alisikia, kwa yale masikio yake mabovu, mtu akiulizwa huko nje, na jibu likaja kwa sauti iliyopazwa: "Imeharibika! Si mnajua, yule binti..."

Rapeg akatoka. Alitembea mpaka katikati yao, akasimama juani, na kufungua kiganja ili kila mmoja aone.

"Binti yangu hana kosa," akasema, na kwa mara ya kwanza ni yeye aliyepaza sauti. "Ni mimi. Huu ni mchele wangu wa baraka, niliutia ndani ya mashine wakati nimekatazwa, na tangu asubuhi nilijua, nikanyamaza. Mkinyanyua mkono, nyanyueni kwangu."

Hakuna aliyenyanyua mkono. Ingekuwa rahisi zaidi kama wangenyanyua. Dadong Cenik, mwenye shamba la mwisho, ndiye aliyesogea. Alikiinamia kiganja, kwa kuwa haoni vizuri, akazigusa zile punje kwa kidole kimoja na kuzihesabu.

"Saba," akasema. "Kule kwangu hata hizi hazitapatikana."

Akajifunga kitambaa chake kichwani, akashika njia ya kwenda kwake, na wengine wakamfuata.